Kovu Langu Shavuni

Nina kovu la moto shavuni tangu utotoni. Kabla ya harusi nilitaka nikafanyiwe upasuaji wa kurekebisha sura. Mchumba wangu akasema, "Ukitaka nenda, ila si kwa ajili yangu." Nikanuna, nikidhani hajali.

Ndipo nikasoma habari za daktari Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mjini East Grinstead, Uingereza, aliwarekebishia nyuso na mikono wanajeshi wa anga walioungua. Hakuishia kwenye kisu. Aliwaomba wenyeji wawakaribishe vijana wale majumbani, wawaangalie bila kushtuka. Wakakubali.

Jamani, mimi mtu huyo ninaye tayari! Siku ya harusi nilimwambia mpambaji asilifunike kovu.