Uzee na Shinikizo la Damu

Mto Ruvuma huanza katika milima ya Matogoro, kando ya mji wa Songea. Maji yake yakipata nafasi hupita kwa upole. Yakibanwa na miamba hunguruma. Damu nayo ina tabia hiyo ndani ya njia zake. Njia hizo zina mlinzi, yaani mishipa ya fahamu, ambayo huzibana na kuzilegeza kwa amri ya ubongo, mchana na usiku. Mtu akishtuka, hubanwa, na moyo ukaenda mbio. Akilala salama, hulegezwa, na shinikizo likashuka.

Umri ukisogea, ulinzi huo hupungua usahihi. Kuta za mishipa mikubwa ya damu hukakamaa, na sehemu za shingoni zipelekazo ubongoni habari za nguvu ya damu hupoteza wepesi. Amri ya kubana huzidi kutolewa hata pasipo hatari. Na figo, zikipokea amri hiyo, huzuia chumvi mwilini. Ndiyo sababu mzee aweza kuwa na shinikizo kubwa akiwa ameketi, kisha akaona kizunguzungu asimamapo ghafula.

Aghalabu jamaa zake husema, "Ni uzee tu." Neno hili ni la subira, lakini si kweli yote. Mwaka 1929 daktari Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo, magharibi mwa Kenya, alitangaza kuwa katika watu 1,000 aliowapima, shinikizo halikupanda kwa uzee. Baada ya miaka 40 lilielekea kushuka. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 1990, uliwafuata Wajaluo waliohama vijijini kwenda Nairobi. Haukupita muda mrefu shinikizo lao likazidi la wenzao waliobaki. Chumvi waliyokula iliongezeka, na mioyo yao ilipiga upesi zaidi, dalili kwamba huenda mishipa ya fahamu ilihusika pia.

Basi umri haustahili kubeba lawama yote. Namna ya kuishi ina sehemu yake. Kijana atokaye Songea kutafuta riziki Dar es Salaam huenda na mwili uliozoea jembe na mwendo wa miguu. Mjini hukuta vyakula vya chumvi nyingi, kelele na usingizi haba. Kikulacho ki nguoni mwako, na adui huyu mara nyingi haji na maumivu. Hujulikana kwa kupimwa tu. Uzee hauna budi kuja, lakini kiharusi chaweza kuzuiliwa. Na amwambiaye mzazi wake kwamba ni uzee tu, humfungia mlango wa dawa angali na nafasi ya kuponywa.