Dawa ya Kazini Haiingii Nyumbani

Akina mama wenzangu, mume wangu anafanya kazi ya majitaka. Nalisema bila haya, ingawa hapa Gongo la Mboto wapo wanaoziba pua wakisikia. Gari lao hunyonya vyoo na makaro ya watu, kisha huenda kumwaga katika mabwawa ya Vingunguti. Huko maji hukaa siku nyingi yakisafishwa na jua, vijidudu na mwani. Wengi hudhani humwagwa dawa kwa magunia. Sivyo. Dawa anayoishika baba watoto ni unga wa klorini, wa kunyunyizia mahali uchafu ulipomwagika na kuoshea vifaa.

Unga huo ndio uliotaka kutugombanisha na jirani yetu.

Alikuja wakati wa masika, vyoo vikiwa vimejaa. "Shemeji," akamwambia mume wangu, "niletee japo kikombe kimoja kwenye mfuko wa nailoni, nimwage chooni." Baba watoto akakataa kwa upole. Kesho yake, tukiwa bombani, nikasikia kwamba sisi ni wachoyo. Mtu ukimnyima chumvi husamehe, lakini dawa ya choo ilizungumzwa wiki nzima!

Mimi nilikuwa upande wa mume wangu, tena mkali kuliko yeye. Jik tunayofulia ina klorini kidogo tu, asilimia tatu au nne hivi. Unga wa kazini hufika asilimia 65 na kuzidi. Ukikutana na mafuta unaweza kuwaka moto, na sisi tunajua ni wangapi humwaga mafuta ya taa chooni ili kupunguza harufu. Ukichanganywa na dawa ya choo yenye asidi hutoa hewa ya klorini, ileile iliyotumiwa kuua askari vitani huko Ubelgiji mwaka 1915. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, karibu mara mbili na nusu, hivyo hukaa chini. Na chini ndiko anakotambaa mtoto.

Simaanishi kwamba klorini ni adui. Kipindupindu kilipoingia Dar es Salaam mwezi Agosti 2015, klorini katika maji ya kunywa iliokoa wengi. Lakini ile ilikuwa imepimwa. Ya kwenye mfuko wa nailoni nani ameipima? Nani atajua ni nini, ikiachwa dirishani karibu na unga wa ngano?

Kazini wana taratibu. Huvaa glavu ndefu, miwani, buti na barakoa maalumu ya kuzuia hewa mbaya. Huanza na maji, ndipo unga utiwe kidogo kidogo. Hawamwagii maji juu ya unga. Ndoo ya klorini haitiwi kitu kingine. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Basi mama, muulize mumeo kama amepewa. Glavu zikitoboka usikae kimya eti ni mambo ya wanaume. Akianguka yeye, ada ya shule utaitafuta wewe.

Kitu ninachokihofia zaidi si klorini, ni shimo lenyewe. Uchafu ukioza hutoa hewa inayonuka kama yai bovu. Ikizidi, pua hufa ganzi, harufu hupotea, na mtu hudhani kumekuwa salama. Ndiyo maana tunasikia redioni kwamba mmoja kaingia shimoni, wa pili kamfuata kumwokoa, wote wamekufa. Wale vijana tunaowaita vyura, wanaotapisha vyoo kwa mikono, huingia hivyohivyo, wengine bila hata kamba. Ukiwaita ili kuokoa fedha, fahamu unanunua nini.

Nguo za kazi zina beseni lake na kamba yake nyuma ya nyumba. Sizichanganyi na nepi. Baba watoto huvua buti nje na kuoga kabla mtoto mdogo hajamrukia, ingawa mtoto hulia mlangoni na roho huniuma.

Jirani nilimfuata kwake, nikamweleza haya yote. Akaniuliza, "Sasa mbona hukusema siku ile?" Nikamwambia siku ile hakukaa nisikilizwe. Tukacheka. Alipofungua kabati lake, nikaona Jik ndani ya chupa ya soda! Tuliihamishia kwenye chupa yake yenye maandishi, tukaipandisha juu.

Mtoto akinywa kitu kama hicho, usimtapishe, maana koo litaungua mara ya pili. Kikimwingia machoni, mwoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Akiwa amevuta hewa yake, mtoe nje haraka. Kisha mkimbize hospitali, na ile chupa uibebe, maana daktari ataiulizia.