Kiatu cha mama hununuliwa mwisho

Januari ikifika, nyumba nyingi huwa na foleni ya viatu ambayo haijaandikwa popote. Wa kwanza ni watoto, maana shule haisubiri. Anafuata baba, kwa kuwa anakwenda kazini. Mama hungoja chenji. Chenji isipobaki, kandambili za mwaka jana zinaendelea na safari.

Tabu ni kwamba katika nyumba hizo hizo, mara nyingi anayetembea kuliko wote ni mama.

Yupo mama mmoja wa watoto watatu, mkazi wa Buguruni jijini Dar es Salaam, anayeuza vitenge Kariakoo. Ili nauli ya daladala ibaki kuwa hela ya mboga, asubuhi hufuata Barabara ya Uhuru kwa mguu, akapita Ilala Boma na Karume hadi kwenye biashara yake. Jioni hurudi njia ileile. Miguu ilipoanza kuwaka moto usiku, aliona ndiyo gharama ya utafutaji. Ilipoanza kufa ganzi, alishukuru kwamba maumivu yamepungua.

Jioni moja binti yake wa darasa la sita alikuwa akideki. Akaona doa la damu sakafuni, kisha la pili, kisha la tatu. Aliyafuata mpaka kwenye unyayo wa mama yake. Kipande cha chupa kilikuwa kimetoboa kandambili na kuzama kisiginoni, na mwenyewe hakuwa na habari. Zahanati walipompima, sukari ilikuwa juu.

Kidonda kilichukua wiki kadhaa kufunga, lakini kilifunga. Si wote wanaobahatika hivyo. Kisukari kisipodhibitiwa huharibu mishipa ya fahamu ya miguuni na kupunguza mzunguko wa damu. Mtu hasikii jeraha linapoingia, na likishaingia haliponi upesi. Wapo waliokatwa mguu kwa sababu ya kidonda kilichoanza na kokoto ndani ya kiatu, au lengelenge la kawaida.

Muuguzi alimpa mama huyo sharti moja: kandambili ziishie bafuni. Njia ndefu inataka kiatu cha kufunika.

Kwa mtu mwenye ganzi, kujaribu kiatu na kusema "hakinibani" hakutoshi, kwa sababu mguu wake hauwezi kumwambia ukweli. Muuguzi akamfundisha njia rahisi. Binti alimsimamisha mama yake juu ya kipande cha boksi, akachora kila mguu kwa kalamu, akaikata michoro hiyo. Jumamosi jioni wakaenda nayo dukani. Kila kiatu kilichopendeza walikiingizia boksi kwanza. Likijikunja pembeni, kiatu ni chembamba, hata kama namba ni yake. Vya kwanza vyeusi vinavyong'aa vilifeli. Mama alivitazama kwa uchungu kidogo, akavirudisha.

Kwenda jioni hakukuwa bahati mbaya. Miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, hivyo kiatu kinachotosha vizuri asubuhi kinaweza kubana ukirudi. Tena mguu mmoja mara nyingi huwa mkubwa kuliko mwenzake. Jaribu vyote viwili, ukiwa umesimama, ukiwa na soksi utakazovaa, na ununue kwa kufuata mguu mkubwa. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Nyuma, kisigino kisipande na kushuka unapotembea.

Kisha kikague kiatu chenyewe kwa mikono. Bonyeza sehemu ya nyuma inayoshika kisigino: iwe imara, isilale kama kitambaa. Kunja kiatu: kikunjike pale vidole vinapoanzia, si katikati. Kizungushe kama unayekamua nguo: kikikubali kirahisi, hakitaushikilia mguu wako barabarani. Soli iwe nene kiasi cha kuzuia msumari mdogo na isiteleze kwenye maji.

Raba za mtumba nazo hupita kwenye mtihani huohuo, na nyingine ni imara kuliko mpya za bei chee. Ila geuza soli. Ikiwa imelika upande mmoja, kiatu hicho kimeshajifunza mwendo wa mtu mwingine na kitakuvuta ukifuate. Bonyeza pia sponji ya ndani, kwani ikikaa sana hukauka ikawa ngumu. Mwenye kisukari au ganzi ni afadhali akwepe kiatu kilichokwishachukua umbo la mguu wa mtu mwingine.

Kwa watoto kuna kosa letu la "atakua navyo". Kiatu kinachozidi namba mbili humfanya mtoto akunje vidole ili kisimtoke, akajikwaa, akachubuka kisigino. Nafasi ile ya kidole gumba inamtosha. Kwa wadogo, pima tena kila baada ya miezi miwili au mitatu, maana miguu yao hukua haraka na wengi hawasemi kiatu kinapobana.

Kiatu kipya kisianzie safari ndefu. Kivae nyumbani saa moja au mbili kwa siku kadhaa, ukivua utazame kama kuna wekundu. Na kila asubuhi, kabla ya kuvaa, kikung'ute na upitishe mkono ndani.

Mama yule sasa ana raba nyeusi za kawaida ambazo hakuna anayezisifia. Kila usiku binti humkagua nyayo kwa tochi ya simu, hata katikati ya vidole. Kwao kazi hiyo imekuwa sawa na kufunga mlango kabla ya kulala.

Bajeti ya viatu haitaongezeka kwa sababu tumesoma gazeti. Kinachoweza kubadilika ni foleni. Kabla ya kugawa hela, baba na mama waulizane swali moja: katika nyumba hii, nani anatembea mbali zaidi, na amevaa nini?