Askari Kwanza, Winga Baadaye

Sikuwahi kucheza. Mguu wangu haukupiga mpira ukaenda nilikokusudia hata mara moja. Lakini nilikuwa karani wa kikosi, na kuanzia 1976 hakuna mchezaji wa timu yetu ya kambi aliyevuka geti bila karatasi ya ruhusa niliyoipiga mimi kwenye taipureta. Kwa hiyo vijana wa hapa Nyakato, Musoma, wanaponiuliza habari za mpira wa zamani wakitaka kusikia mabao, mimi nawaanzia kwenye karatasi. Wengi huchoka mapema wakaenda zao.

Waelewe kwanza kwamba wakati ule mpira ulikuwa wa ridhaa. Mchezaji aliishi kwa ajira, mpira ukamfuata kazini: Reli kule Morogoro, Pamba kule Mwanza, RTC kule Kagera. Kijana wa Mara asiye na shule ndefu alikuwa na mlango mmoja aliouzoea, nao ni jeshi. Babu zetu waliingia KAR, jeshi la Mwingereza. David Musuguri, mzaliwa wa Butiama, aliingia humo akiwa kijana na kuja kuwa Mkuu wa Majeshi. Ukiingia JKT kwa kujitolea ukiwa na mguu mzuri, ulipata godoro, sahani iliyojaa na posho, na jioni ukapewa mpira. Nikitazama nyuma naona hao ndio waliokuwa wachezaji wetu wa kulipwa, ila hakuna aliyethubutu kuwaita hivyo mbele ya afande.

Siku yao haikuwa ya mchezaji. Alfajiri mchakamchaka, kisha kwata, kisha jembe shambani mpaka jua la utosi. Mazoezi yalianza saa 10 jioni, na usiku kulikuwa na lindo. Hapo kwenye lindo ndipo palipokuwa na fitina. Mwalimu wa timu aliomba wachezaji wasilinde usiku wa kuamkia mechi, na kila jina nililolifuta kwenye orodha ilibidi niweke la mwingine. Huyo mwingine hakunisamehe. Nimewahi kukuta kitanda changu kimemwagiwa ndoo ya maji, na nilijua vizuri ni kwa sababu ya beki wa kulia.

Kulikuwa pia na vijana wa mujibu wa sheria. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa hapa mjini kwetu ikapitisha Azimio la Musoma, kwamba anayemaliza kidato cha sita apitie JKT na kufanya kazi kwanza ndipo aombe chuo kikuu. Basi hangani ukakuta msomi wa hesabu amelala jirani na mvuvi wa Majita. Baadhi yao walijua mpira hasa. Ila muda wao ulipokwisha waliondoka kwa mkupuo, na mwalimu akaamka hana kiungo hata mmoja.

Aliyebaki ni winga wetu wa kushoto, mtoto wa hapa hapa Nyakato. Jina lake nitaliacha, yu hai na hapendi makuu. Niliwahi kumwona ametoka lindo Jumamosi asubuhi, akapanda lori na viatu vya mpira miguuni, akalala hadi mjini, akaamshwa, akafunga mawili. Habari zake zilifika Dar es Salaam. Wakaja wajumbe wawili wa klabu moja kubwa, na hawakuja kambini. Walikwenda kwa mama yake, na sukari na kitenge. Mama akawakaribisha, akawapa uji, akawaambia, "Wanangu, huyu nilishampa Serikali. Kamwombeni huko huko."

Waliomba. Jibu la mkuu wa kikosi nililipiga mimi, mistari mitatu: askari huyo anahitajika kikosini, uhamisho haujaidhinishwa, asanteni. Njia ya pili ilikuwa kutoroka, na watoro tuliwafahamu. Walicheza kwa jina la bandia na kila walipoona kofia ya polisi walibadili njia. Winga alikaa kwenye ngazi ya ofisi yangu jioni ile, akaniuliza kama naweza kuipoteza barua moja na kuandika nyingine. Nikamwambia, "Afande atatufunga wote." Akacheka, akaenda mazoezini.

Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka na kukalia ardhi ya Kagera. JKT, polisi, magereza na mgambo waliongezwa kwenye nguvu za JWTZ. Timu yetu ilipanda lori lile lile lililozoea kuipeleka mechi, safari hii kuelekea Mwanza na kisha ng'ambo ya ziwa. Kampala iliangushwa Aprili 11, 1979. Golikipa wetu yuko Kaboya, wilayani Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa.

Agosti mwaka huo nilisikiliza Redio Tanzania kambini, Peter Tino aliposawazisha kule Ndola na Zambia ikaondolewa. Taifa Stars ikafuzu fainali za Afrika za Lagos, 1980. Winga alikuwa bado Uganda. Watu hapa husema angekuwa Lagos. Sidhani. Ila angejaribiwa, na hilo karatasi yangu haikumpa.

Nimefikiri sana kwa nini jeshi hilo hilo lilitupa wakimbiaji wa dunia. Filbert Bayi alikuwa mwanajeshi alipovunja rekodi ya mita 1500 kule Christchurch, 1974. Juma Ikangaa naye alikuwa mwanajeshi aliposhinda mbio za New York, 1989. Naona jibu ni jepesi: mkimbiaji ukimhamisha anaondoka na miguu yake, na barabara ipo kila kambi. Mpira unataka watu 11 wakae pamoja, na barua moja ya uhamisho ya beki wa kati inatosha kuivunja timu iliyojengwa miaka mitatu.

Hata hivyo timu za majeshi zilidumu kuliko nyingi. Mashirika ya umma yalipobinafsishwa au kufa, timu nyingi zilikwenda nayo. Mshahara wa askari ukaendelea kutoka Hazina. Ligi Kuu ya 2012/13 ilikuwa na timu 14, na sita zilikuwa za majeshi: JKT Ruvu, Ruvu Shooting, Mgambo, Oljoro, Prisons na Polisi Morogoro. Watu walizilaumu kwa kucheza kwa nguvu. Nami nawauliza, mlitaka wacheze kama nani?

Mjukuu wangu ananiambia habari za Son Heung-min wa Korea Kusini, kwamba kwa dhahabu ya Michezo ya Asia ya 2018 alipunguziwa jeshi, mafunzo ya kambini yakawa wiki tatu tu. Nilimsimulia winga. Alinyamaza kidogo, akauliza kama katika hizo wiki tatu alilinda usiku.

Winga alistaafu na pensheni yake na nyumba ya bati hapa Nyakato. Polisi Mara ilipovua sare na kuwa Biashara United tulikwenda wote Uwanja wa Karume. Oktoba 2021 Biashara iliifunga Al Ahli Tripoli 2-0 Dar es Salaam katika Kombe la Shirikisho, kisha ikashindwa kusafiri kwenda Libya kwa marudiano, ikatolewa bila kucheza. Mtaa mzima ulikuwa na hasira. Winga akaweka kikombe chini.

"Karani," akasema, "enzi zetu tungefika. Sajenti meja angetupeleka Tripoli kwa mchakamchaka."

"Na ruhusa nani angeiandika?"

"Wewe. Na ungekosea tarehe ya kurudi."