Fundi suruali nilivyovuliwa nguo na viraka

Msomaji wangu, kama na wewe ni wale wa kujibu "naweza" kabla hata swali halijaisha, sogea karibu tuongee. Mwenzako yalinikuta, na hadi leo nikiona karatasi ya namba namba moyo unanilipuka.

Mimi ni fundi cherehani. Kibaraza changu kipo Manzese, napanga pamoja na mzee mmoja mshona suti. Kazi zangu ni suruali za shule, kubadili zipu, kupunguza mapindo. Miaka saba sasa, na mtaani kwetu ukiuliza fundi suruali unaletwa kwangu moja kwa moja. Kwa hiyo kichwa nilikuwa nacho kikubwa, sikufichi.

Jumamosi moja akaja mama mmoja mtu mzima, kajitanda kanga yake safi. Nikampa shikamoo, akaitikia, akatoa simu na kunionyesha picha. Ulikuwa mfarishi wa kitanda cha mtoto. Kwa wasioujua, mfarishi ni shuka nene: juu kitambaa, katikati pamba, chini kitambaa kingine, vyote vimeshikwa pamoja kwa mshono. Huu wa kwenye picha juu yake ulikuwa umeungwa vipande vipande, na vile vipande vilifanya dira nne, zile nyota za baharini zenye miale 16, ncha zake kali kama sindano.

"Mjukuu wangu wa kwanza huyo," akaniambia. "Kapewa jina la babu yake, marehemu mume wangu. Alikuwa baharia. Nataka siku ya arobaini mtoto atolewe nje na kitu kama hiki. Unaweza, mwanangu?"

Nikacheka kidogo. "Mama, hivi si viraka tu? Viraka ndiyo kazi yangu."

Tukapatana sh. 150,000. Akanipa kianzio sh. 70,000 na kunitumia ule mchoro kwenye simu. Zilikuwa zimebaki siku 24. Sasa sikia kituko: mwenye nyumba wangu alikuwa ananidai miezi miwili. Ile hela haikulala mfukoni. Jioni ileile ilishabadilisha mikono, na mimi nikalala usingizi mnono kama mtu aliyemaliza kazi.

Kesho yake nikaenda kuchapisha mchoro stesheneri. Nilipoukunjua juu ya meza nikaishiwa pozi. Kila dira ilikuwa imekatwa robo nne, kila robo ina sehemu A, B na C, na kila sehemu ina vipembetatu vyenye namba. Nikamgeuzia mshikaji wangu mmoja wa pale kijiweni, akaniuliza kama hiyo ni ramani ya mabomba ya maji.

Nikaanza kusoma maelekezo. Kumbe kazi yenyewe iko hivi: hukati kwa chaki wala hupimi kwa futi. Unashona juu ya karatasi yenyewe. Kitambaa namba 1 unakilaza upande wa karatasi usiochapwa, uso juu. Namba 2 unakigeuzia kifudifudi juu ya namba 1. Halafu unapindua kila kitu, mistari inakuwa juu, kitambaa kinakuwa chini ambako hukioni, unashona juu ya mstari. Ukimaliza unakifunua namba 2, unapiga pasi, unapunguza kilichozidi ukiacha robo inchi, unakwenda namba 3. Karatasi unaichana mwishoni, na picha inatokea imegeuka kama kwenye kioo.

Yaani, ndugu yangu, unashona kinyumenyume na huoni unachoshona! Mimi niliyezoea kukiona kitambaa changu mbele ya macho nikahisi kama nimeambiwa niendeshe daladala kwa kutazama kioo cha nyuma.

Kwa ubahili nikaamua kwanza nijaribie kwenye gazeti. Usinicheke, wenzetu walianza zamani. Uingereza lipo shuka la vipande vya hariri lenye mwaka 1718 lililoshonwa kwa kukunjia vitambaa kwenye karatasi, kwa mkono. Na Marekani akina mama wengi wasio na kitu waliunga vitambaa chakavu juu ya magazeti ya zamani. Mimi nikachukua gazeti la udaku, nikachora mistari, nikapiga mshono katikati ya mashavu ya msanii mmoja maarufu. Bahati mbaya wino ukahamia kwenye kitambaa. Nilikuwa nimeweka marekani, ile pamba ya rangi ya maziwa, ikatoka na madoa kama imepanguswa sufuria. Somo la kwanza hilo.

Somo la pili likaja nilipochana karatasi. Mimi mshono wangu ni wa suruali, mrefu wa kutosha. Karatasi ikagoma kutoka, nikavuta, nyuzi zikafuata! Mshono wa kazi hii unatakiwa uwe mfupi mno, kama milimita moja na nusu, ili sindano itoboe matundu mengi na karatasi ichanike yenyewe kama stempu. Ubaya wake ni kwamba ukikosea, kuufumua mshono huo ni adhabu. Unakaa na wembe nusu saa kwa kosa la dakika moja.

Na kukosea nilikosea. Kipande nakiona kabisa kinatosha, nashona, nafunua, kumbe kimelala upande mwingine na pembe ya karatasi imebaki uchi. Nafumua. Nashona tena, kimepungua kidole. Nafumua. Usiku wa tatu niligundua kwamba kila kipande kinatakiwa kizidi nafasi yake kwa inchi nzima hivi, kwa sababu pembetatu ikifunuliwa haiangukii pale macho yanapodhani. Wiki ya kwanza ikaisha nina robo mbili tu zilizonyooka.

Baada ya hapo mkono ukashika, bwana. Nikaanza kujisikia. Karatasi zikiharibika nakimbia kwenye mashine ya fotokopi iliyo karibu, natoa nakala, zikiharibika hizo natoa nakala ya nakala. Siku ya 17 nilikuwa na robo zote 16. Nikazipanga kitandani, nikazitazama, nikajipigia makofi. Kitenge cha bluu na njano juu ya marekani, ncha kali kama za kwenye picha. Bomba!

Nikaanza kuunganisha. Dira ya kwanza ikakaa vizuri. Ya pili, mwale wa huku ukamkosa mwenzake wa kule. Nikafumua, nikavuta kidogo, ukakosa upande wa pili. Ya tatu ikajikunja katikati kama chapati. Saa nane za usiku nikazima taa, nikakaa gizani. Nilichokuwa nawaza siyo dira. Nilikuwa nawaza sh. 70,000 ambazo sina, na yule mama.

Asubuhi mzee mshona suti akanikuta nimeshika tama. Hakuniuliza neno. Akachukua karatasi zangu, akaweka rula, akanyamaza, kisha akaniita.

"Mwanangu, haka kamraba hapa pembeni ni ka nini?"

Pembeni mwa kila karatasi kulikuwa na kamraba kadogo nilichokidhania pambo. Kumbe kameandikwa kabisa kwamba kanatakiwa kiwe inchi 1 kamili, ndiyo kipimo cha kujua kama karatasi imechapwa kwa ukubwa wake. Kwenye karatasi za mwanzo kalikuwa inchi 1. Kwenye nakala kalikuwa kamepungua unywele. Mashine ilikuwa inaibana picha ikae ndani ya ukurasa. Ukiipunguza ikabaki asilimia 97, kwenye robo yangu ya inchi 8 imeshaliwa karibu robo inchi nzima. Na nakala ya nakala ikazidi kuliwa. Nilikuwa na robo za saizi tatu kitanda kimoja!

"Ulimuuliza nani?" mzee akasema.

"Sikuuliza, mzee."

"Miaka saba tunakaa kibaraza kimoja." Akarudi kwenye suti yake.

Hayo maneno yalinichoma kuliko wembe. Kwa sababu alisema kweli. Nilikuwa nakwenda kushona nyumbani usiku ili asinione nikifumua. Fundi mzima kuonekana anafumua viraka! Nilificha, ndiyo maana hakuna aliyeniona nikipotea.

Zilibaki siku saba. Washikaji wakanishauri nizime simu mpaka arobaini ipite, nilale mbele. Sitakudanganya kwamba sikulifikiria. Lakini saa kumi jioni nikaibeba ile dira moja iliyokubali, nikaenda hadi kwa yule mama. Nikamweleza yote: kwamba sikuwahi kushona kitu hiki, kwamba kianzio nilikila, kwamba nne hazitawahi. Nikamwambia akitaka hela yake nitailipa kidogo kidogo.

Mama akaishika ile dira, akaigeuza nyuma, akapitisha kidole kwenye ncha moja moja. Mimi natazama sakafu. Kisha akasema:

"Huu mwale mmoja ncha umeikata."

"Ndiyo, mama. Nitaufumua."

Akakaa kimya. "Mume wangu alizunguka baharini miaka yote na dira moja," akasema. "Mtoto wa siku thelathini na tatu atafanyia nini nne? Ila hela siyo ile tena."

Tukashuka hadi sh. 100,000. Nikaweka dira moja katikati, nikaizungushia pande nne vipande vya kitenge vilivyonyooka, nikarudi kwenye karatasi ya saizi kamili kwa ajili ya ule mwale uliokatika. Safari hii nilishonea kibarazani, mchana kweupe. Niliufumua mara mbili, mzee anatazama, wateja wanapita. Hakuna aliyenicheka. Mmoja aliuliza tu, "Fundi, hiyo nini?" nikajikuta namweleza.

Siku ya arobaini nilialikwa. Mtoto akatolewa nje kafunikwa bluu na njano, naye akaamua palepale kuibatiza ile dira kwa mkojo. Mama akacheka, akasema babu yake naye alipenda maji.

Basi, ndugu msomaji, sikuhubirii. Nakuachia mawili tu. Ukipewa karatasi yoyote, iwe mchoro au mkataba, kwanza kisome kile kitu kidogo cha pembeni. Na kama utafumua, fumua hadharani, unawahi kusaidiwa. Siku hizi mtu akiniuliza kama naweza, najibu, "Sijawahi, ila ngoja nimuulize mzee." Ajabu ni kwamba wateja hawajapungua. Na wiki hii nina oda ya dira nyingine. Karatasi nimezipima zote.