Kutoka Uani Hadi Juu ya Paa: Kumbukumbu ya Mbegu za Pilipili Kali Kariobangi

Katika mitaa ya Kariobangi, mashariki mwa jiji la Nairobi, ukuzaji wa pilipili kali nyumbani umebadilika katika jambo moja kuliko mengine yote, nalo ni namna mbegu inavyofika udongoni. Zamani mbegu ilifika yenyewe, ikaota ilipoangukia. Siku hizi inatafutwa, inaloweshwa, inawekwa mahali penye joto na kulindwa kama kitu kisichopatikana kwa urahisi. Kumbukumbu hizi zinatokana na maisha ya mwandishi aliyekulia Kariobangi South katika miaka ya 1980, na zinashikilia kwamba kadiri ardhi ya ua ilivyopungua, ndivyo maarifa ya kuotesha mbegu yalivyolazimika kukua.

Pilipili zote kali ni za jenasi iitwayo Capsicum, yaani kundi la mimea yenye undugu wa karibu, ambayo asili yake ni Amerika na ambayo Wareno waliifikisha katika pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 16. Kati ya spishi tano zilizozoeshwa na binadamu kulimwa, tatu ndizo zinazofahamika Kariobangi. Ya kwanza ni pilipili kichaa, Capsicum frutescens, yenye vitunda vidogo vinavyosimama wima juu ya majani. Ya pili ni pilipili mbuzi, Capsicum chinense, yenye tunda la mviringo lililokunjamana na harufu inayotangulia ukali wake. Na ya tatu ni zile pilipili ndefu za Capsicum annuum, spishi ambayo hata hoho isiyo na ukali wowote imo ndani yake.

Kariobangi ya miaka hiyo ilikuwa na nafasi. Kariobangi North ilianzishwa katika miaka ya 1960 kwa mpango wa kugawa viwanja vilivyowekewa huduma za msingi, ambapo mgawiwa alipata kipande cha ardhi na kuachiwa ajijengee mwenyewe, na nyumba nyingi za Kariobangi South zilikuwa za ghorofa moja zenye ua mdogo nyuma. Kwa kumbukumbu za mwandishi, kila ua uliokuwa na bomba la maji ulikuwa pia na mti wa pilipili, na kwa kawaida mti huo ulisimama pale maji ya kufulia yalipotokea, bila mtu yeyote kudai kwamba ndiye aliyeupanda. Mama wa nyumba alituma mtoto akachume mbili tatu za kachumbari, jirani akabisha hodi akaomba za supu, na muuza mutura wa jioni akapewa kiganja kizima kwa ahadi ya kipande kimoja cha bure. Hapakuwa na bei. Mti wenyewe, kwa kuwa pilipili si mmea wa msimu mmoja mahali pasipo na jalidi, uliweza kuzaa kwa miaka kadhaa kabla ya kudhoofika, na ulipodhoofika mwingine ulikuwa tayari umechipuka karibu na ukuta.

Uchipukaji huo ulikuwa na sababu ambayo wakazi waliijua kwa macho na ambayo sayansi iliieleza baadaye. Shore, ndege mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, alizoea kutua katika miti hiyo na kumeza vitunda vizima vya pilipili kichaa. Ukali wa pilipili unatokana na kemikali iitwayo kapsaisini, ambayo hujishika kwenye kipokezi cha neva, yaani protini iliyo juu ya seli za hisia, ambacho kazi yake ya kawaida ni kuutaarifu mwili kwamba umeguswa na joto la kuunguza. Kipokezi hicho, TRPV1, kilitambuliwa mwaka 1997 na kikundi cha mwanasayansi David Julius, aliyepata Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Ardem Patapoutian mwaka 2021. Ndege wana kipokezi cha aina hiyo, lakini chao hakiitikii kapsaisini, na kwa hiyo shore hula bila kuumia. Tena, tofauti na mnyama mwenye magego, hasagi mbegu, bali huziangusha zikiwa nzima pamoja na kinyesi chake. Utafiti wa Joshua Tewksbury na Gary Nabhan, uliochapishwa mwaka 2001, ulionyesha jambo hilohilo kwa pilipili mwitu za Arizona: ukali huwafukuza wanyama wanaoharibu mbegu na kuwaacha ndege wanaozisambaza. Pilipili kichaa za Kariobangi, basi, zilikuwa na wapandaji wao, na watu walikuwa wavunaji tu.

Hali hiyo ilianza kuvunjika katika miaka ya 1990, wakati ua mmoja baada ya mwingine ulipojazwa vyumba vya kupangisha, kwanza vya mabati na baadaye vya mawe, hadi nyumba za awali zikazungukwa na kufunikwa. Muongo uliofuata ulileta majumba ya ghorofa nne, tano na zaidi, yenye ngazi nyembamba na roshani zisizotosha zaidi ya kamba ya nguo. Ingekuwa kosa kuwalaumu wenye nyumba kwa hilo, kwa sababu kodi ya vyumba hivyo ndiyo iliyosomesha watoto wengi wa mtaa huo, akiwemo mwandishi. Lakini ukweli ni kwamba sakafu ya saruji ilipofunika udongo, shore alipoteza mahali pa kuangushia mbegu, na pilipili ikawa kitu cha kununuliwa kibandani kwa mafungu.

Palibaki udongo wa namna mbili tu: ule wa kandokando ya mto na wa karibu na mitambo ya kusafisha majitaka ya Kariobangi, ambako watu walilima sukuma wiki, nduma na mboga nyingine kwa maji machafu, na ule wa kubebwa. Hapa yafaa kusimama kidogo, kwa sababu swali la udongo ni zito kuliko wanavyolichukulia wengi wanaoanza kuotesha. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kuhusu jaa la taka la Dandora, lililo jirani kabisa na Kariobangi: kati ya watoto 328 waliopimwa, nusu walikuwa na kiwango cha risasi katika damu kilichofikia au kuzidi kile kilichokubalika kimataifa wakati huo, na sampuli za udongo zilionyesha metali nzito kwa wingi wa kutisha. Risasi ni metali isiyooza wala kuoshwa na mvua, na anayejaza ndoo yake kwa udongo wa karibu na jaa, au wa ukingo wa mto unaopita viwandani, hawezi kuuondoa uchafu huo kwa kuweka samadi. Wakuzaji makini wa Kariobangi waliacha kuchota udongo ovyo, wakaanza kuagiza udongo mwekundu kutoka nje ya jiji na kuuchanganya na samadi iliyokomaa na mchanga kidogo. Na kwa maoni ya mwandishi, badiliko hilo moja lina faida kubwa kuliko mbolea zote zinazouzwa katika maduka ya pembejeo.

Udongo wa kubebwa ulihitaji chombo. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, mashirika ya misaada yalieneza katika vijiji vya Kibera na Mathare kilimo cha magunia, ambapo gunia hujazwa udongo, nguzo ya kokoto huachwa katikati ili maji yashuke, na miche hupandwa juu na ubavuni. Mtindo huo ulivuka ukafika Kariobangi, na ukaendelea hata pale gunia lilipoachia nafasi ndoo za rangi zilizotobolewa, mikebe ya mafuta ya kupikia na madebe ya zamani. Sheria nayo ilibadilika: jiji ambalo kwa miaka mingi lilikuwa likifyeka mimea iliyolimwa kwenye ardhi ya umma lilipata, mwaka 2015, sheria ya kaunti ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Kisha mwaka 2020, katika mwaka wa janga la korona, Wizara ya Kilimo ilizindua kampeni ya bustani milioni moja za nyumbani. Mwaka huohuo, mwanzoni mwa Mei, nyumba za maelfu ya wakazi wa eneo la Kariobangi liitwalo Sewage zilibomolewa, na pamoja nazo zikaenda bustani ndogo ambazo hakuna aliyezihesabu. Wengi wa waliohamia vyumba vya ghorofani waliondoka bila mmea hata mmoja, na kwa wale waliotaka kuanza tena, njia iliyobaki ilikuwa mbegu.

Ni katika kipindi hichohicho ndipo ukali ulipoanza kuzungumzwa kwa tarakimu. Kipimo kinachotumika kilibuniwa mwaka 1912 na mfamasia Mmarekani Wilbur Scoville, aliyeyeyusha dondoo la pilipili katika maji ya sukari na kuzidi kulizimua hadi waonjaji wake waache kuhisi ukali. Leo kapsaisini hupimwa kwa mitambo, lakini jina la kipimo limebaki. Pilipili mbuzi nyingi huwa kati ya vizio 100,000 na 350,000, ilhali bhut jolokia ya Assam, nchini India, ilitambuliwa mwaka 2007 kuwa ya kwanza kuvuka milioni moja, na Carolina Reaper ya mkulima Ed Currie ikazipita zote mwaka 2013, kabla ya yeye mwenyewe kuizidi mwaka 2023 kwa Pepper X yenye 2,693,000. Vijana wa Kariobangi waliozaliwa baada ya miti ya uani kutoweka waliyajua majina haya kupitia simu zao, wakataka kuyaotesha, ingawa sheria inataka mbegu yoyote kutoka nje ipate kibali cha taasisi ya ukaguzi wa afya ya mimea, KEPHIS, ili magonjwa yasiingie nchini pamoja nayo.

Waliopata mbegu hizo waligundua mapema kwamba haziendi kama pilipili kichaa. Mbegu za Capsicum chinense, kundi ambalo karibu pilipili zote za rekodi zimo ndani yake, huota vizuri penye joto la kati ya nyuzi 25 na 30, na hata hapo huweza kuchukua majuma mawili hadi sita. Nairobi iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600, na asubuhi ya Julai joto hushuka hadi nyuzi 12 au chini ya hapo, kiasi kwamba mbegu iliyofukiwa katika ndoo kwenye roshani huoza kabla haijaamka. Suluhisho lilitoka jikoni na sebuleni: mbegu hulazwa usiku mmoja katika maji vuguvugu, hufungwa ndani ya kitambaa au karatasi laini yenye unyevu, hutiwa kwenye kopo lenye kifuniko, na kopo huwekwa juu ya friji au king'amuzi cha televisheni, mahali ambapo umeme unaotumika kwa jambo lingine hutoa joto lisilo na gharama mpya. Mzizi mweupe unapotokeza, mbegu huhamishiwa katika pakiti tupu ya maziwa yenye udongo mwepesi, ikafukiwa kina kisichozidi sentimita moja.

Miche michanga huuawa na maji mengi kuliko kiu. Kuvu waishio katika udongo uliolowa hushambulia shina pale linapotoka ardhini, mche ukalala ghafla kana kwamba umekatwa, na hakuna dawa inayoufufua. Kinga ni kumwagilia kwa kiasi na kuacha hewa ipite. Juu ya paa tatizo ni kinyume chake, kwa sababu saruji na mabati huakisi jua la Januari na Februari hadi maua yakaanguka bila kushika tunda, na maji yenyewe hupatikana kwa mgao, kwa mitungi inayopandishwa ngazi. Hii ndiyo sababu wenye uzoefu hupanda mbegu Januari ndani ya nyumba, wakahamisha miche nje mvua za masika zinapoanza Machi, ili mmea uwe umepata nguvu kabla ya baridi ya Juni. Uvunaji nao una adabu zake, hasa kwa mwenye watoto wadogo: kapsaisini hukaa zaidi katika utando mweupe unaoshika mbegu, haiyeyuki vizuri katika maji bali katika mafuta, na kwa hiyo mkono huoshwa kwa sabuni au kupakwa mafuta kwanza, na mdomo uliozidiwa hupozwa kwa maziwa.

Badiliko la mwisho ni la umiliki. Mbegu nyingi za pakiti ni chotara wa kizazi cha kwanza, yaani zao la kuunganisha mistari miwili ya wazazi, na mbegu zitokazo katika matunda yake hazizai mmea ulio sawa na mama, jambo linalomrudisha mkuzaji dukani kila msimu. Zaidi ya hayo, sheria ya mbegu ya Kenya ilikuwa imeweka adhabu kwa anayeuza au kubadilishana mbegu zisizothibitishwa rasmi, hadi Mahakama Kuu ilipotangaza vifungu hivyo kuwa kinyume cha katiba mwishoni mwa mwaka 2025, kufuatia kesi ya wakulima wadogo. Uamuzi huo ulihusu wakulima wa mahindi na maharagwe zaidi ya watu wa ndoo za paani, lakini uliwagusa nao, kwa sababu pilipili mbuzi ya zamani ya Kariobangi haiuzwi katika pakiti yoyote, na inaendelea kuwepo kwa kupokezana tu.

Kuihifadhi kunahitaji uangalifu ambao kizazi cha ua hakikuuhitaji. Ua la pilipili hujichavusha lenyewe, lakini nyuki anayetoka kwenye reaper ya jirani hadi kwenye pilipili mbuzi huleta chavua, na mbegu za tunda hilo zitazaa kitu kingine msimu ujao. Kwa hiyo tawi lililochaguliwa hufunikwa kwa kipande cha chandarua kuukuu kabla maua hayajafunguka, hutikiswa polepole asubuhi ili chavua ianguke, na huondolewa chandarua baada ya tunda kushika, likafungwa uzi wa rangi ili asilichume mtu wa kachumbari. Tunda huachwa liive kabisa hadi lianze kunyauka, mbegu zake zikaanikwa kivulini juu ya ungo, zikatiwa katika chupa iliyo kavu pamoja na jina la aina yake na mwaka, na nusu yake akapewa jirani wa ghorofa nyingine, ili kama mtungi wa maji ukikosekana kwenye paa moja, aina hiyo iwe bado hai kwenye paa la pili.