Breki Aliyoitoa Mume Wangu

Sisi watu wa Tanga na baiskeli ni chanda na pete. Mji wetu ni tambarare, kwa hiyo ukikatiza mitaa ya Ngamiani hukosi kuona baiskeli isiyo na breki, mwenyewe anaisimamisha kwa ndala!

Mume wangu naye ni wa kundi hilo. Phoenix yetu ilipoanza kukwaruza mbele, alichukua spana, akalegeza nati na kuing'oa breki. Kazi ya dakika tano. Mkono wa breki akauacha kwenye usukani kama pambo. Mimi hakuniambia kitu.

Asubuhi moja nikampakia mwanetu kwenye keria, nimpeleke chekechea. Tunafika kwenye kona, bajaji hiyo! Nikabana breki zote mbili. Mbele hakuna kitu, nyuma ikashika kidogo tu. Tukalala ubavu mchangani. Mtoto alichubuka goti, lakini jamani, nilitetemeka hadi jioni.

"Baba watoto, kwa nini hukuniambia?"

"Mke wangu, ilikuwa inanikera kwa kelele."

Tulinuniana siku mbili. Ya tatu tukaongozana kwa fundi, chini ya mwembe. Akazungusha gurudumu, akacheka. "Shemeji, breki haina kosa. Rimu ndiyo imepinda."

Akaanza na spoki, akizikaza na kuzilegeza mpaka gurudumu likaacha kuyumba. Ndipo akarudisha breki. Alituonyesha: raba mbili zikae usawa upande wa ndani wa rimu, unaotazama spoki. Ziachie nafasi ndogo zisikwaruze, na fito ikivutwa ziguse kwa pamoja. Akakaza nati, akabana mkono, akaisukuma baiskeli. Ikagoma.

"Ukisimama ghafla, uzito unakimbilia mbele," alisema. "Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha hasa. Ungekuwa unateremka kutoka Lushoto hadi Mombo, zaidi ya kilomita 30 za kona, ndala ingekusaidia nini?"

Mume wangu aliinama kimya. Njiani akanishika mkono, akaniomba radhi.

Siku hizi kitu kikipiga kelele nyumbani kwetu, hatukimbilii kukitoa. Tunakaa, tunaulizana ni wapi palipopinda. Nawe msomaji, kabla hujampakia umpendaye, bana kwanza breki zote mbili.